Fundi Anajibu: Taa ya treni ya mvuke ilipata wapi umeme?

Mwezi uliopita niliandika kuhusu dainamo ya baiskeli, ile chupa ndogo inayosugua tairi mpaka taa inawaka, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Karibu kila aliyeniandikia kutoka huku kwetu kusini kaja na habari ya treni, na mimi habari ya treni ukinianzishia silali, kwaiyo safu yote ya mwezi huu naitoa kwenye taa za treni za mvuke tu. Wenye maswali ya mafriji na pampu za maji mnivumilie, zamu yenu inakuja.

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye ile reli ya karanga, alikuwa anapakia magunia kule Mkwaya. Alikuwa anatusimulia kwamba treni ikija usiku taa yake ya mbele unaiona kabla hujasikia mlio wowote, miembe ya mbali huko inang'aa kama mchana, na anasema kilikuwa kichwa cha mvuke, cha moto na maji. Sasa vijiji vyote njiani vilikuwa vinatumia vibatari, umeme wenyewe ulitoka wapi? Kama ni betri nani alikuwa anaichaji porini? Wenzangu wananiambia babu alikuwa anatupiga kamba. (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Babu yako hakuwapiga kamba hata kidogo, na hao wenzako waambie waje wasome hapa.

Kwanza kwa ambao hawaijui hiyo reli, mana kuna vijana wa Mtwara wamezaliwa wamekua hawajui kama huku kulikuwa na treni. Baada ya vita kuu ya pili serikali ya Uingereza ilikuja na mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, ukaanza 1947, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu za mashamba. Karanga za porini zinafikaje melini? Ikajengwa reli ya upana wa mita moja kutoka Mkwaya, pale kwenye mkono wa bahari wa Lindi, kwenda Nachingwea, baadae ikavutwa mpaka Mtwara kwenye bandari mpya ya kina kirefu. Mpango wa karanga ukafa 1951, treni zikaendelea kidogo, 1962 reli ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Inaniuma mpaka leo, kila nikiona lori la korosho limelala ubavu barabarani naikumbuka ile reli.

Sasa umeme. Watu wengi wanafikiria betri kwa sababu gari lina betri, lakini we fikiria kichwa cha treni ya mvuke kina nini ambacho gari halina. Kina boila, lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji. Boila likishashika moto lina nguvu ya mvuke muda wote, treni itembee, isimame, imechelewa stesheni masaa mawili, mvuke upo tu unasubiri kazi. Basi mafundi wakachomoa kibomba chembamba kwenye boila wakakipeleka kwenye mashine ndogo iliyokaa juu ya mgongo wa boila hilohilo, mara nyingi karibu na kibanda cha dereva, ukiiangalia kwa chini utadhani ni pipa dogo limelazwa. Ndani kuna gurudumu la chuma lenye vikombe vikombe pembeni. Mvuke unatokea kwenye tundu jembamba kwa kasi kubwa, unavipiga vile vikombe, gurudumu linazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika, na kwenye ekseli hiyohiyo upande wa pili imefungwa dainamo. Umeme huo hapo. Yani ni dainamo ya baiskeli tu, ila badala ya tairi inazungushwa na mvuke. Mashine yenyewe inaitwa tabojenereta. Wenzetu wa Kenya umeme wanauita stima, neno ambalo mwanzoni lilikuwa la meli za mvuke, na juu ya kichwa cha treni neno hilo limekaa mahali pake kabisa mana taa ile ilikuwa stima kwelikweli.

Wala haikuwa na nguvu ya kutisha. Nyingi zilikuwa za wati 500 hivi, haifiki hata nusu ya pasi ya umeme unayonyooshea nguo. Lakini kwenye giza ambalo halina hata balbu moja kwa kilomita hamsini, hizo wati ukiziwekea kioo kizuri cha kurudisha mwanga nyuma ya globu, kioo kilichopindwa ili mwanga wote uende mbele badala ya kutawanyika, miembe ya babu yako lazima ing'ae.

Na ilikuwa na sauti yake, mlio mwembamba mkali wa kuchoma sikio ambao haukomi mpaka taa izimwe, waliowahi kulala karibu na stesheni za treni za mvuke wanaujua. Kuiwasha sio kugusa swichi. Dereva au fayamani, yule wa kuchochea moto wa boila, anafungua vali polepole, mana mvuke uliolala kwenye bomba umepoa umegeuka maji, yale maji ukiyapiga kwa ghafla kwenye gurudumu linalozunguka kasi unavunja vikombe, kwaiyo kwanza unafungua kitundu cha chini maji yatoke, unaiacha ipate joto, afu ndo unaongeza. Ukiizidisha? Ndani kuna gavana, vyuma vidogo ambavyo mzunguko ukizidi vinatanuka vinabana njia ya mvuke, mzunguko ukishuka vinarudi vinafungua, hivo volti zinabaki palepale hata kama umezima taa nyingine zote ukaacha moja.

Utauliza kwanini hawakuchukua umeme kwenye magurudumu ya treni kama tunavyofanya kwenye baiskeli. Kwa sababu baiskeli ikisimama taa inazima! Sasa treni imesimama usiku porini, kuna mti umeanguka kwenye reli, hapo ndo dereva anataka taa kuliko wakati wowote.

Halafu kuna taa moja ambayo babu yako pengine hakuiona kwa sababu yeye alikuwa nje. Ndani ya kibanda kuna mrija wa kioo umesimama wima, unaonyesha maji ya boila yako kiasi gani. Huo mrija ndo uhai wa watu wote kwenye hicho kichwa. Maji yakishuka mpaka bati la juu ya tanuri likabaki kavu, moto unalilainisha, linaachia, na boila linapasuka, na boila likipasuka hakuna anayebaki kusimulia. Zamani mrija huo ulikuwa unamulikwa na kitaa cha mafuta chenye moshi, kikitikiswa kinazima, fayamani anakisia maji kwa kuchungulia na mwanga wa tanuri. Umeme ulipokuja walifunga kiglobu kidogo pale kwenye mrija. Watu wanasifia taa kubwa ya mbele na mimi naisifia, lakini kama ningekuwa fayamani ile ndogo ya kwenye mrija ndo ningeishukuru.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari hapa Mtwara mjini. Nani alikuwa wa kwanza kufunga taa ya umeme kwenye treni na ilikuwa mwaka gani? Mwalimu wetu kasema ni Marekani.

JIBU: Nzuri mwanangu, na shikamoo zangu kwa mwalimu wako, lakini ya zamani ninayoijua mimi ni ya Urusi, 1874. Na hii habari nitaieleza yote kwa sababu naipenda sana.

Kulikuwa na kijana anaitwa Pavel Yablochkov, mkuu wa simu za telegrafu kwenye reli ya kutoka Moscow kwenda Kursk. Mfalme wa Urusi alikuwa anasafiri kwa treni kutoka Moscow kwenda Crimea, wakuu wa reli wakataka njia imulikwe kwa usalama wake, Yablochkov akapewa kazi. Kumbuka 1874 hakuna balbu, ya Edison na ya Swan zilikuja miaka kama mitano baadae. Taa ya umeme iliyokuwepo ni ile ya vijiti viwili vya kaboni. Unavigusanisha, unavitenganisha kidogo, umeme unaruka katikati na kutoa mwanga mweupe wa ajabu. Umewahi kuona fundi anachomelea geti, ule mwanga tunaowakataza watoto wasiuangalie? Ndo huohuo. Umeme wenyewe aliupata kwenye betri za zamani za tindikali.

Shida ya taa hiyo vijiti vinaungua vinafupika, nafasi katikati inaongezeka, mwanga unakatika. Kulikuwa na kifaa cha springi cha kuvisogeza lakini kilitengenezwa kikae mezani kimetulia, sio mbele ya treni inayotikisika. Kwaiyo Yablochkov mwenyewe alisimama nje, mbele kabisa ya kichwa cha treni, amevaa koti la manyoya kwenye baridi ya Urusi, anabadilisha vijiti na kurekebisha springi kwa mkono njia nzima, na kila walipobadilisha kichwa cha treni anahamisha vifaa vyake vyote kwenye kichwa kipya anaanza upya kufunga. Treni ya mfalme ikafika salama. Ila aliporudi nyumbani akawa na swali moja akilini, kwanini lazima kuwe na hicho kifaa cha kusumbua? Miaka miwili baadae, 1876, akiwa Paris, akatoa jibu. Alivisimamisha vijiti viwili sambamba kama mishumaa miwili iliyoshikana, katikati akaweka kitu kisichopitisha umeme kinachoungua pamoja navyo, nafasi haibadiliki hata mshumaa uishe. Mitaa ya Paris ikawashwa na hiyo mishumaa. Mimi kila nikisoma hapo naona kwamba taa za mtaani za Paris zilianzia kwenye ule usiku wa baridi mbele ya treni.

Mwalimu wako hakukosea sana lakini. Waliofanya taa ya umeme ya treni iwe kitu cha kila siku ni Wamarekani kweli. Mtu anaitwa George Pyle alichukua taa ya vijiti akaipa tabojenereta yake juu ya boila, na kampuni ya Pyle-National ikaanza Chicago 1897. Wangefanya hivyo mapema? Wasingeweza, mana tabo ya mvuke yenye dainamo ilitengenezwa na Mwingereza Charles Parsons 1884, na ile ya kwanza ilikuwa inazunguka mara 18,000 kwa dakika. Balbu peke yake haikutosha, ilibidi kwanza apatikane mtu wa kuzungusha dainamo kwa mvuke bila mitambo mikubwa ya pistoni.

Nikupe na cha nyongeza ukawasimulie wenzako darasani. Kabla ya haya yote, miaka ya 1830 mwanzoni kule South Carolina, mhandisi Horatio Allen alitaka treni itembee usiku. Akaweka behewa la wazi mbele ya kichwa, akalimwagia mchanga, juu ya mchanga akawasha moto wa kuni za msonobari! Treni inasukuma moto wake yenyewe inaufuata. Hapo ndo taa za mbele za treni zilipoanzia.

SWALI: Kaka fundi, mimi mvuvi wa dagaa hapa Mikindani, usiku tunatumia taa kuita samaki. Wazee wetu wanasema karabai walizotumia wao zamani na treni ilikuwa nazo. Kweli?

JIBU: Kweli kabisa kaka, na neno lenyewe linakuambia. Siku hizi karabai tunaita taa yoyote ya pampu, lakini asili ya neno ni kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo ukiyadondoshea maji yanatoa gesi inayowaka mwanga mweupe. Gesi inaitwa asetilini, mafundi wa kuchomelea wanaijua vizuri. Kabaidi ilianza kutengenezwa kwa wingi na kwa bei rahisi baada ya Thomas Willson kuigundua njia yake 1892, na karne ya 20 ilipoanza treni nyingi zikaachana na taa za mafuta ya taa zikafunga za asetilini, nyingine hazikuwahi kupitia umeme wa vijiti kabisa, zilitoka mafuta ya taa zikaenda asetilini zikaishia kwenye globu.

Ubaya wake nyie wavuvi mnaujua. Maji yakizidi gesi inazidi, yakipungua taa inafifia, tundu la moto linaziba, na ukimaliza una uji mweupe wa kumwaga. Sasa wewe uko baharini una muda wa kuzibua, dereva yuko kwenye kilomita 60 kwa saa.

SWALI: Fundi, mimi natengeneza bodaboda Masasi. Taa za pikipiki kwenye barabara zetu za vumbi nyuzi zinakatika kila wiki kwa mtikisiko, na treni inatikisika kuliko pikipiki. Walitumia globu gani isiyokatika? Na volti ngapi?

JIBU: Hili swali limenifurahisha sana mana limeulizwa na mtu ambaye mikono yake ina grisi. Marekani walitumia volti 32. Na jibu la swali lako lote liko kwenye hiyo namba.

Chukua karatasi. Globu ya wati 250 kwenye volti 32, gawanya, inakula karibu ampia 8. Globu ya wati hizohizo 250 kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 inakula ampia 1 na kidogo. Mwanga karibu sawa, lakini ile ya treni inapitisha umeme mara saba, kwaiyo uzi wake lazima uwe mnene na mfupi, ya nyumbani uzi wake ni mwembamba kama unywele na mrefu umekunjwakunjwa. Tikisa zote mbili uone ipi itakatika. Faida ya pili, uzi mfupi mnene unakaa kama nukta moja, na kioo cha kurudisha mwanga kinataka nukta moja, ukikipa uzi mrefu mwanga unatawanyika unapata ukungu badala ya mshale wa mwanga. Faida ya tatu, fayamani mwenye jasho na mikono imelowa akigusa waya uliochubuka hafi.

Ukiniuliza kwanini basi wasishuke mpaka 12 kama pikipiki yako, ampia zingepanda mno, ungehitaji waya mnene mno kutoka nyuma kwenye dainamo mpaka mbele kwenye taa, na njiani umeme mwingi ungepotea. Thelathini na mbili ni makubaliano ya katikati.

Uzi wenyewe nao una historia. Nyuzi za kwanza za kaboni zilikuwa dhaifu na mwanga wake mwekundu mwekundu, haziwezi kumulika reli, ndo mana taa ya vijiti ilitawala mwanzoni. Mambo yaligeuka William Coolidge alipopata njia ya kuuvuta wolframu, ambao wengine tunauita tangsteni, uwe uzi imara, 1910, na Irving Langmuir 1913 akagundua kwamba ukijaza gesi ndani ya globu badala ya kuacha tupu uzi unavumilia moto mkali zaidi bila kuyeyuka na kulipaka kioo weusi. Baada ya hapo hakuna tena aliyetaka vijiti vya kubadilisha kila safari.

Na vijiti vilikuwa na kosa jingine kubwa, mwanga ulizidi. Madereva wa treni zinazopishana walikuwa wanapofuka kwa muda, na taa za ishara za rangi zikipigwa na ule mwanga mweupe zinachanganya, nyekundu haionekani vizuri kama nyekundu. Mabishano yalikuwa makubwa, wengine wanasema taa kali inaua, wengine wanasema giza ndo linaua. Kwenye miaka ya 1910 serikali ya Marekani ikaamua ipime kwa macho ya dereva: taa ya treni ya safari ndefu lazima imwezeshe dereva mwenye macho ya kawaida, hewa ikiwa safi, kuona kitu cheusi chenye ukubwa wa mtu aliyesimama umbali wa futi 800. Hizo ni karibu mita 244. Naipenda hii sheria, haikutaja wati wala aina ya globu, ilitaja mtu amesimama kwenye giza. Ila piga na hesabu hii: kwenye kilomita 64 kwa saa treni inazila hizo mita 244 kwa sekunde kama 14, na treni nzito haisimami kwa sekunde 14. Dereva alichopata ni nafasi ya kupiga honi na kuanza breki, na yule mtu kama anasikia alikuwa na nafasi ya kuruka.

SWALI: Mwanangu fundi, mimi bibi yako wa Lindi. Nilipanda treni ya Dar kwenda Kigoma nikiwa msichana, nakumbuka taa za behewa letu tukisimama stesheni muda mrefu zinafifia zinakuwa njano, treni ikiondoka zinarudi. Nilikuwa nafikiri ni kichwa kinachoka.

JIBU: Shikamoo bibi. Kichwa kilikuwa hakihusiki kabisa, na kumbukumbu yako ni ushahidi mzuri kuliko kitabu.

Mabehewa yalikuwa na umeme wake yenyewe. Chini ya behewa kuna dainamo inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye ekseli ya magurudumu, na kuna betri. Treni ikitembea dainamo inawasha taa na kuchaji betri, ikisimama betri inabeba peke yake. Njia hii ilipata umaarufu kupitia kampuni ya J. Stone ya London, 1894. Sasa betri ikiwa imezeeka, au treni imesimama sana, au inatembea polepole kiasi kwamba dainamo haifikii mzunguko wake, ndo ule unjano uliouona bibi.

Kabla ya hapo kulikuwa na jaribio moja zuri, Oktoba 1881, kati ya London na Brighton, behewa la kifahari la Pullman liliwashwa kwa globu 12 za Swan na betri tu. Halina dainamo, betri zinachajiwa stesheni. Watu walistaajabu, lakini kwa safari kama yako ya Kigoma lisingefika hata Morogoro.

Kwanini ilikuwa muhimu hivyo? Kwa sababu kilichokuwepo kabla ya umeme kwenye mabehewa mengi ya Ulaya ni gesi, mitungi imefungwa chini ya sakafu ya mbao na abiria wamekaa juu yake. Tarehe 22 Mei 1915 huko Quintinshill, Scotland, treni ya wanajeshi iligonga treni iliyosimama, kisha treni nyingine ya kasi ikaja ikayaparamia mabaki. Mabehewa ya wanajeshi yalikuwa ya zamani, ya mbao, taa za gesi. Moto uliwaka mpaka siku ya pili. Walikufa zaidi ya watu 200, wengi wao vijana waliokuwa wanaelekea vitani, na wengi hawakufa kwa kugongwa. Kwaiyo bibi ile taa yako ya njano inayofifia, hata ikiwa dhaifu vile, ilikuwa haina mtungi chini ya kiti chako.

SWALI: Waingereza ndo waliojenga ile reli yetu ya karanga, bila shaka kwao taa za umeme zilitangulia? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Hapana! Na hii inashangaza wengi. Uingereza vichwa vingi vya mvuke vilibeba vitaa vidogo vya mafuta mpaka mvuke ulipoisha kwao Agosti 1968. Reli zao zimezungushiwa uzio, dereva anategemea taa za ishara, hakuwa na haja ya kumulika njia. Vile vitaa mbele kazi yake ni kumwambia mtu wa ishara hii ni treni ya aina gani, vinapangwa kwa mpangilio, viwili huku kimoja kule, maana inabadilika. Wachache walifunga umeme, kama vichwa vya Oliver Bulleid vya 1941 ambavyo vilikuwa na tabojenereta. Lakini vichwa walivyovitengeneza kwa ajili ya Afrika waliviwekea taa kubwa mbele, mana huku hakuna uzio, kuna tembo, kuna ng'ombe, kuna watu wanatembea kwenye reli kwa sababu ndo njia iliyonyooka.

SWALI: Shikamoo fundi, nina miaka 14, nipo Lindi. Nataka kutengeneza tabojenereta yangu. Nina dainamo ya baiskeli na mama ana sufuria la presha. Nikitoboa mfuniko nikaweka kibomba itazunguka?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nisikilize vizuri hapa. Usitoboe sufuria la mama yako, na usiunge kitu chochote kwenye tundu lake la kutolea mvuke. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya mwanzo, na ukiyanyima nafasi yanaitafuta kwa nguvu, tundu likiziba kidogo tu mfuniko unaruka na maji yote ya ndani yanageuka mvuke kwa mara moja usoni kwako. Boila la treni lilikuwa na vali za usalama, linapimwa, linakaguliwa, na bado yalikuwepo yaliyopasuka. Kwenye hili sitanii na nimemwomba mhariri aliweke neno hili hivi nilivyoliandika.

Ila wazo lako ni zuri mno siwezi kuliacha life. Tumia maji ya bomba badala ya mvuke, mashine ni ileile. Tafuta kipande cha mbao cha duara, pigilia pembeni vifuniko vya chupa za soda kumi na mbili au zaidi, vyote vitazame upande mmoja, hivyo ndo vikombe vyako. Kitoboe katikati kabisa, kabisa, kisipokuwa katikati kitatetemeka, na ukifunge kwenye kile kichwa cha dainamo kinachosugua tairi. Funga dainamo kwenye ubao isitembee. Mpira wa maji ubane mdomo wake uwe tundu jembamba, mana maji yakipita kwenye tundu dogo yanatoka kwa kasi, halafu uelekeze kwenye kifuniko cha pembeni, sio katikati. Dainamo nyingi za baiskeli ni volti 6 na wati 3, ukianza na globu yake kamili maji ya bomba yanaweza yasitoshe, kwaiyo anza na kitaa kidogo cha LED cha tochi, na ukiona kinawaka ndo ujaribu globu.

Afu fanya kitu kimoja kwa ajili yangu. Gurudumu likiwa linazunguka kasi bila taa, unganisha globu ghafla, usikie. Mlio utashuka, gurudumu litalemewa, utaliona kwa macho linapunguza mwendo. Kisha chomoa waya, utasikia linavyopaa tena. Hapo ukiweza kufungua bomba kidogo pale linapolemewa na kulibana pale linapopaa, mwanga usibadilike, mkono wako ndo umekuwa gavana wa treni. Niandikie uliweza kuushikilia mwanga kwa muda gani.